Usianze na kabureta: kusoma dalili za 4x4 kuukuu ya petroli

Mara ya kwanza niliifungua kabureta ya Land Cruiser yangu, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kando ya barabara, baada ya gari kunizimikia kwenye mpando wa kwenda Kapchorwa, mashariki mwa Uganda. Mara ya pili niliifungua nyumbani Mbale, juu ya gunia safi, kila jeti, vile vipande vya shaba vyenye tundu la kupimia petroli, nikaipuliza mpaka mashavu yakauma. Mara ya tatu alinifungulia fundi, akachukua hela yake, akaniambia kabureta imekufa ninunue nyingine. Gari likaendelea na mchezo wake ule ule: kilomita kumi na tano safi, halafu linaanza kujivuta kama ng'ombe aliyenusa machinjio, linazima, nikikaa dakika ishirini, linawaka. Siku moja nikafungua kifuniko cha tangi ili niongeze petroli, nikasikia tangi likivuta pumzi: fyuuu. Kifuniko kilikuwa cha gari jingine, hakina tundu la kupitisha hewa. Kadiri pampu ilivyonyonya, ndivyo tangi lilivyobana, mwisho petroli ikagoma kuja.

Tangu hapo kabureta huwa naigusa mwisho. Utaratibu wangu ni huu: moto wa plagi kwanza, kisha petroli kufika, kisha hewa inayoingia pasipotakiwa, kisha ndiyo bisibisi iguse kabureta.

Haya magari hayaletwi tena. Tangu sheria ya usalama barabarani irekebishwe mwaka 2018, gari lililofikisha miaka 15 tangu litengenezwe haliruhusiwi kuingizwa Uganda. Kwa hiyo ukitaka Land Cruiser ya 60 yenye injini ya 2F ya lita 4.2, Hilux yenye injini ya 22R, Land Rover Series III au kile ki-Suzuki SJ410 cha cc 970, utanunua lililokwisha kuishi hapa, na limepitia mikono mingi. Nusu ya matatizo utakayoyakuta yaliwekwa na hiyo mikono.

Siku ya kwenda kuliona

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti, kisha mpira wa juu wa rejeta. Ukikuta moto, kunywa chai yake, shukuru, sema utarudi kesho alfajiri. Injini iliyokwisha kupashwa huficha choki mbovu (ile ya kuzidisha petroli injini ikiwa baridi), ringi za pistoni zilizolika na betri inayokaribia kufa. Afande mmoja mstaafu nilipomwambia nitarudi kesho alicheka akasema, "Wewe umeshawahi kuumwa." Nikamjibu, "Ndiyo, Afande."

Kabla ya kuwasha, toa chujio la hewa, funga kitambaa cheupe kidoleni, pangusa koo la kabureta chini ya pale chujio linapokaa. Kitambaa kikitoka chekundu, vumbi la murramu limekuwa likipita pembeni ya chujio, na lililopita hapo limeshuka kwenye silinda likafanya kazi ya msasa. Kwangu jaribio hilo la bure linazidi hadithi zote za "mwenye nalo alikuwa mzungu, alilitunza sana".

Land Rover ina ujanja wake. Bodi ni ya alumini, haipigi kutu, inang'aa. Chesisi chini ni chuma. Lala chini na nyundo ndogo, gonga kuanzia springi za nyuma hadi boriti ya mwisho. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kama boga.

Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile za kwenye logbook. Mengi ya magari haya yamebadilishiwa injini, na kama mabadiliko hayakuandikwa, tatizo la mwenye gari wa zamani litakuwa lako siku utakapotaka kuuza.

Kisha liendeshe si chini ya nusu saa. Kifuniko changu cha tangi kingefichika kabisa katika mzunguko wa dakika kumi mtaani.

Namba za kitabu ni za pwani

Hapa ndipo watu wengi, mafundi wakiwemo, huhukumu injini yenye afya kuwa mgonjwa. Vitabu vya ufundi vimeandika vipimo kwa usawa wa bahari. Sisi Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu, Kampala ni kama 1,200, na Kabale au Kapchorwa unakaribia 2,000. Kwa mita 1,200 hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 11 kuliko ya Mombasa. Kwa mita 2,000, asilimia 18. Nguvu ya injini hupungua karibu kwa kiasi hicho hicho, na hakuna fundi wa kukurudishia.

Kipimo cha vakyumu (mvuto wa hewa), kile cha saa kinachounganishwa kwenye manifoldi, bomba la kuingizia hewa kwenye injini, kitabuni huambiwa kisome inchi 17 hadi 21 za zebaki injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta. Toa inchi moja kwa kila mita 300. Kampala au Mbale, 13 hadi 17 ni afya; Kapchorwa usishtuke ukiona 12. Cha kutazama zaidi ni mshale: ukitulia, vizuri; ukidunda kwa mpigo ule ule, kuna valvu isiyofunga; ukiwa chini na umetulia, kuna hewa inaingia mahali au taimingi (wakati wa cheche kupiga) imechelewa.

Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, vivyo hivyo. 2F yenye afya kitabuni ni kama paundi 150 kwa inchi ya mraba. Kampala ukipata 130 na ushee, usiombe punguzo kwa sababu hiyo. Omba punguzo silinda moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya paundi 14 hivi. Toa plagi zote, kanyaga mafuta hadi chini, piga stata. Silinda iliyo chini imwagie kijiko cha oili, upime tena: ikipanda, ni ringi; isipopanda, ni valvu au gasketi ya kichwa.

Kwa Land Rover za zamani ongeza swali moja: kichwa kimewahi kuwekewa viti vigumu vya valvu? Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Risasi ile ndiyo iliyokuwa ikilinda viti laini vya zamani. Bila hiyo, valvu huzama polepole ndani ya kichwa, nafasi ya tapeti (upenyo kati ya valvu na kinachoisukuma) inajifunga yenyewe, na ukishaona unarekebisha tapeti kila mwezi na nafasi inazidi kubana, jibu unalo.

Majaribio mawili ya kufanya papo hapo

Gari likizima, usisubiri lipoe. Moja: chomoa waya wa plagi, weka plagi ya akiba, iegemeze kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Cheche ya buluu inayopasuka kwa sauti, moto upo. Cheche ya rangi ya chungwa, nyembamba, haupo wa kutosha. Hakikisha hakuna petroli iliyomwagika karibu.

Mbili: zima kila kitu, fungua chujio, chungulia koo la kabureta huku unasukuma waya wa mafuta kwa mkono. Lazima uone petroli ikiruka kwa mshale mwembamba. Isiporuka, ama kibakuli cha floti (akiba ndogo ya petroli ndani ya kabureta) ni kikavu, ama pampu ndogo ya ndani ya kabureta imekufa. Kikavu maana yake petroli haifiki, na kosa liko nyuma, kuelekea tangini.

Na ule mchezo wa kumimina petroli kooni kwa chupa ya soda huku mwenzako anapiga stata, uacheni. Injini ikikohoa moto juu, chupa iko mkononi mwako.

Haliwaki asubuhi

Tazama choki inafunga kweli. Waya wake hulegea, ukivuta kishikizo ndani hakuna kinachosogea kule mbele. Ikiwa choki inafunga na bado unapiga stata mpaka betri inalia, halafu linawaka na siku nzima halisumbui, petroli inarudi tangini usiku. Kiwambo cha mpira au vali za pampu zimechoka, au kuna mpira uliopasuka juu unaovuta hewa bila kuvujisha tone. Huo wa pili hutaabisha kwa sababu hakuna doa chini. Badilisha mipira yote ya petroli kwa mpigo mmoja, si ghali.

Likiwa la pointi, vile vibati viwili vinavyokata na kuunganisha umeme wa cheche, ziangalie. Nafasi ni kama milimita 0.35 hadi 0.40 kwa Land Rover, 0.45 kwa Toyota nyingi. Pointi zikiwa na kichuguu upande mmoja na shimo upande wa pili, kondensa imekufa. Ukibadilisha pointi peke yake utarudi wiki ijayo.

Linawaka asubuhi, likipata moto haliwaki

Dalili hii ina wazazi wawili, nao hufanana sana. Wa kwanza ni koili, inayozalisha umeme mkali wa plagi, ambayo ikipata joto hukata moto. Jaribio la plagi litakwambia. Wa pili ni petroli kuchemka kwenye mipira na kwenye kibakuli. Huku juu petroli huchemka mapema kuliko pwani, kama maji yanavyochemka Kampala kwa nyuzi 96 na Kabale kwa 93 hivi. Weka kitambaa kilicholowa juu ya pampu na mpira wa petroli. Likiwaka baada ya dakika mbili tatu, umempata.

Kabla hujanunua kitu, tazama chini ya kabureta. Kiwandani huwekwa kipande kinene cha kuzuia joto kati yake na manifoldi. Mafundi wakikikuta kimepasuka hukitupa na kukata gasketi ya karatasi. Kirudishe. Kisha sogeza mpira wa petroli mbali na egzosi.

Watu wengi hukimbilia pampu ya umeme. Ni suluhisho zuri, ila ukienda soko la vipuri la Kisekka, Kampala, kuinunua, useme wazi ni ya kabureta. Kabureta inataka paundi 3 au 4. Pampu iliyotolewa kwenye gari la kisasa husukuma 40 hivi, inaishinda sindano ya floti inayozuia petroli isizidi, na petroli inafurika mpaka kwenye oili. Nimeona injini iliyofungiwa pampu hiyo asubuhi, jioni oili yake inanuka kama kituo cha mafuta. Kisha weka swichi inayokata pampu injini ikizima. Ukipata ajali, hutaki pampu iendelee kumwaga.

Linazima ukiachia mafuta

Kwa Toyota anza na solenoidi ndogo (vali ya umeme) iliyo ubavuni mwa kabureta, yenye waya mmoja au mbili. Fungua ufunguo bila kuwasha, chomoa waya na uurudishe: lazima usikie "tik". Usiposikia, ama waya umekatika ama yenyewe imekufa, na bila hiyo jeti ya mwendo wa chini haipati petroli kabisa. Mafundi hufidia kwa kupandisha skrubu ya mafuta, gari linanguruma kama trekta kwenye taa za barabarani, na mwenye gari anaambiwa "ndivyo zilivyo". Sivyo zilivyo.

Ikigonga "tik" na bado linazima, tafuta hewa inayoingia. Bana mpira mmoja mmoja wa vakyumu kwa koleo lililofungwa kitambaa, ukisikiliza mngurumo. Ukibana mmoja na injini ikatulia, fuata mpira ule hadi mwisho wake. Mwisho huo unaweza kuwa nyongeza ya breki, distribyuta (kigawa moto kwa plagi), au kwenye baadhi ya Land Cruiser za 60, kile kiwambo kinachoingiza gia ya magurudumu ya mbele. Hili la mwisho huwapita wengi: gari halishiki mbele na pia injini inazima likisimama kwenye taa za barabarani, kumbe ni tundu moja.

Mwisho tikisa mhimili wa kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofungua koo ukikanyaga mafuta, juu chini. Ukicheza, shimo limepanuka na hewa inapita pembeni. Hakuna skrubu itakayolitibu. Fundi wa mashine ya kuchonga vyuma atakuwekea bushi za shaba kwa muda wa asubuhi moja.

Linajikwaa ukikanyaga

Hapa kosa huwa kwenye kiwambo cha pampu ndogo ya kabureta, au cha distribyuta. Nyonya kwa mdomo mpira unaokwenda kwenye distribyuta: ukishika ulimi wako, kizima, hewa ikipita, kimetoboka, na utakuwa umekuwa ukilaumu kabureta bure. Kiwambo hicho kikitoboka gari hula mafuta zaidi pia.

Halina nguvu mlimani

Kwanza kifuniko cha tangi, nimekwisha kusema. Kisha toa petroli ya chini ya tangi kwenye chupa nyeupe, iache usiku. Maji hulala chini, kutu huonekana kama majani ya chai. Ukinunua petroli ya madumu huko Karamoja, fanya hivi mara kwa mara. Kisha tazama mipira karibu na tangi: ya zamani hujibana ndani wakati pampu inavuta kwa nguvu, na ukiiangalia gari limesimama iko sawa.

Petroli ikiwa inafika vizuri, hakikisha si klachi inayoteleza na si breki inayoshika. Baada ya mwendo, gusa rimu kwa tahadhari; gurudumu moja likiwa moto kuliko mengine, unapanda mlima huku umekanyaga breki.

Moshi mweusi, na tangi lisilojaa

Tukubaliane kwanza: 2F hula lita 17 hadi 20 kwa kilomita 100 ikiwa nzima. Hakuna fundi atakayeifanya iwe Vitz. Ikizidi sana hapo, tazama chujio la hewa lililoziba vumbi, kisha choki iliyobaki nusu, kisha kile kioo kidogo mbele ya kabureta za Toyota. Petroli inatakiwa isimame katikati ya kioo. Ikiwa juu, sindano ya floti imelika au floti imeingia petroli ndani.

Land Rover yenye kabureta ya Zenith ina ugonjwa wake wa kurithi: uso wa juu wa kabureta hupinda kwa kukazwa kupita kiasi, na kipete cha mpira cha ndani huchoka, petroli inavuja ndani kwa ndani. Isugue uso juu ya kioo chenye msasa laini mpaka ulale sawa, weka kipete kipya, usikaze kama nati za magurudumu.

Yote yakiwa sawa na moshi bado ni mweusi, toa jeti usome namba yake. Shaba ni laini. Aliyezibua kwa waya wa baiskeli ameshaipanua. Na hapa mlima unarudi: kabureta hupima kwa mvuto wa hewa, haijui hewa imekuwa nyepesi, hivyo kwa mita 2,000 mchanganyiko huwa mzito kwa karibu asilimia 10 hata kama kila kitu ni kipya.

Moshi wa buluu ni oili, mweupe usiokoma na unaokula maji ya rejeta ni gasketi ya kichwa. Hizo ni bei za mazungumzo na muuzaji.

Upande wa magurudumu

Magari haya hayana difu ya katikati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti. Ukiingiza magurudumu ya mbele kwenye lami kavu, usukani unakuwa mgumu na gari linajifunga. Si ubovu, toa gia hiyo. Mlio wa ka-ka-ka ukikata kona ni jointi za ekseli ya mbele. Ukikuta grisi kwenye vifundo vya mbele imegeuka supu, oili ya difu inavuja kupitia sili ya ndani. Usukani ukitetemeka kwa nguvu ukipita shimo, usinunue shokabsoba ya usukani. Kagua beringi za kingipini (mhimili ambao gurudumu la mbele hugeukia) na ncha za usukani kwanza.

Ukiamua kuliboresha

Breki na rejeta kwanza, pamoja na kifuniko cha rejeta chenye namba sahihi, maana huku juu kifuniko kilicholegea huchemsha gari mapema. Kisha weka mfumo wa moto wa elektroniki badala ya pointi. Kati ya fedha zote nilizoweka kwenye gari hili, hizo ndizo nisizojutia. Kabureta mpya za kuiga ni bahati nasibu, mimi hununua kifurushi cha gasketi na viwambo na kubaki na mwili wa asili. Kabureta ya Weber 32/36 kwenye 22R hufanya kazi nzuri ikija na kikalio chake cha kuiunganisha na manifoldi. Ikija peke yake na fundi akasema "tutaichongea", kataa.

Jeti ndogo ni kwa anayeishi juu. Nimeweka moja ndogo kwa hatua moja, na taimingi nimeisogeza mbele digrii mbili. Nikishuka Ziwa Albert, mita 600 na ushee, nairudisha ya zamani kabla ya safari, la sivyo injini inakosa petroli na kugonga kwa mlio kama wa kokoto mlimani wakati wa kurudi. Baada ya kilomita mia hivi natoa plagi moja: rangi ya chai ya maziwa, naendelea, nyeupe kama chokaa, narudi nyuma jeti moja, nyeusi ya masizi, naanza tena na chujio la hewa.